Rekodi ya mkufunzi si tiketi ya ushindi

MCHEZA kamari wa Voi yuko zaidi ya kilomita 300 kutoka uwanja wa Ngong, Nairobi, makao ya mbio za farasi nchini. Farasi hamwoni, tegemeo lake ni rekodi ya mkufunzi anayoisoma kwenye simu.

Tuseme farasi wa mkufunzi fulani hushinda mbio 20 kati ya 100. Huyo ni hodari. Lakini kampuni za kamari nazo zinalijua hilo, hivyo hupunguza malipo mapema. Anayeweka Sh100 katika kila mbio hutumia Sh10,000. Akilipwa mara nne ya dau kila farasi huyo anaposhinda, hurudishiwa Sh8,000. Kwa kibarua wa mkonge kule Mwatate, Sh2,000 zilizopotea si haba.

Naye mkufunzi aliyeshinda mbio 2 kati ya 4? Asilimia 50 hiyo huenda ni bahati tu.