Filamu ipo, muziki upo, kipindi kiko wapi?

Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, hapa Same kama kwingineko nchini, wamesoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Wanachambua dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Ukiwaamsha usiku wa manane watakueleza Yasmini alikimbia nini na Denge alikuwa akipigania nini. Riwaya ilichapishwa 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji akaitolea filamu, akaipiga Zanzibar penyewe, na Septemba mwaka huo ikaoneshwa Toronto, Canada. Taarabu imo humo, wala haikuwekwa kujaza kimya. Sasa muulize mwanafunzi mwenye A ya Kiswahili muziki ule unafanya kazi gani katika hadithi. Wengi watabaki wanakutazama. Filamu hawajaioneshwa, taarabu hawajasikilizishwa, na swali lenyewe hawajawahi kuulizwa.

Kumfundisha kijana riwaya yenye taarabu bila kumsikilizisha hata wimbo mmoja ni kama kumfundisha mtu kupika makande kwa kumsomea bei ya mahindi na maharage. Makande hayajawahi kuiva kwa njia hiyo, si Same mjini, si Mbaga, si Chome.

Tunachotaka ni kidogo. Filamu iingie darasani, muziki wake usikilizwe kwa makini, na wanafunzi wafundishwe jinsi sauti inavyoiongoza picha. Vipindi viwili vya mfululizo kwa wiki vinatosha. Hatuombi jengo, wala hatumsubiri mfadhili.

Kisingizio cha kwanza siku zote ni vifaa, na hiki hatukikubali. Nenda shule ya bweni Jumamosi usiku. Meza za bwalo zimesogezwa, shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta ile ile ya kikao cha wazazi imewashwa, na spika za mahafali zimetolewa stoo. Wanafunzi wanatazama filamu mpaka kengele ya kulala. Kwa hiyo filamu zinaoneshwa tayari, tena kwa umeme wa shule. Anayekosekana ni mwalimu wa kukaa pale na rimoti mkononi, asimamishe picha, azime sauti, aulize: mmejuaje kwamba huyu bwana atauawa, na hakuna hata aliyeshika kisu?

Shule isiyo na projekta ianze na simu ya mwalimu. Aende stendi ya Same asubuhi, arekodi dakika moja tu. Gari la Mamba limeshuka kutoka mlimani, mama mmoja anateremka na kiroba cha tangawizi, anasimama, anatazama upande wa barabara kuu ya Dar es Salaam, anajifunga khanga vizuri, anavuka. Basi. Kisha darasani aioneshe mara tatu. Mara ya kwanza iwe na mdundo mzito wa chini chini, wa kuvizia. Mara ya pili iwe na kwaya inayoimba taratibu. Mara ya tatu asiweke muziki wowote, iachwe sauti ya stendi yenyewe, makondakta na breki za mabasi. Baada ya kila mara wanafunzi waandike sentensi moja kueleza huyu mama ni nani na anakwenda wapi. Kwenye mdundo mzito watasema anatoroka, au kuna mtu anamfuata. Kwenye kwaya watasema anakwenda msibani, au anamsindikiza mtoto kwa maombi. Kwenye sauti ya stendi watasema anauza tangawizi. Mama ni yule yule na khanga ni ile ile. Hapo darasa zima litakuwa limeelewa jambo ambalo kurasa 20 za maelezo ya ubaoni zisingeliingiza kichwani, na gharama yake ni chaji ya simu.

Wanaodhani kwamba bila mashine za gharama hakuna cha kujifunza waikumbuke Jaws, filamu ya Marekani ya 1975 iliyohusu papa anayekula watu. Papa wa bandia aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu ile alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, hivyo katika sehemu kubwa ya filamu haonekani kabisa. Mtunzi John Williams alikuja na noti mbili tu zinazorudiarudia, kwanza polepole kisha kwa kasi. Watu wakaogopa kuingia baharini kwa sababu ya noti mbili. Mashine iligoma, muziki ukafanya kazi yake.

Wala mambo haya si mageni katika milima yetu. Jirani zetu wa Usambara wanapo Vugiri, upande wa Korogwe. Pale, kati ya 1935 na 1937, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwaonesha Waafrika wa eneo hili, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Notcutt alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, na sisi wa Ndungu na Makanya hatuhitaji kuelezwa shamba la mkonge ni nini. Zilitengenezwa filamu 35 hivi. Picha zilikuwa bubu. Maneno na muziki viliwekwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa pembeni wakati picha ikienda. Wakifika mahali penye lugha nyingine wanabadilisha sahani, picha inabaki ile ile. Mradi ulikuwa wa kikoloni na nia zake nyingi zilikuwa za kikoloni. Hilo nalo ni somo, maana mwenye sahani ndiye aliyeamua picha ya Mwafrika isemeje. Mwanafunzi wa historia akilisikia hilo ataiangalia kila filamu kwa jicho jingine. Lakini Vugiri tunaipita kila tunapokwenda Tanga, na darasani haitajwi.

Miaka 7 kabla ya mradi huo kuanza, 1928, mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri zilizosikilizwa pwani nzima. Taarabu ilianza kusafiri kwa sahani mapema hivyo. Mwalimu wa fasihi akiunganisha Siti, Vugiri na filamu ya Shivji ana muhula mzima wa kazi nzuri, na yote ni ya nyumbani.

Kuna jambo wanafunzi wanalijua kuliko walimu wao. Kwenye mabanda ya video wanatazama filamu zilizotafsiriwa, ambapo mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe. Lufufu alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo hapa Tanzania, na DJ Afro kule Kenya. Ni wasanii kweli, wana vipaji vya kusimulia ambavyo tungependa kuviona vikichambuliwa kwenye mtihani wa fasihi simulizi. Lakini msimulizi akipanda, muziki unazama. Vijana wetu wengi wamekua wakitazama filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani ambazo muziki wake hawajawahi kuusikia sawasawa. Mtu wa namna hiyo akishika kamera kesho, muziki atauweka mwisho, kwa haraka, kama kitu cha kuzibia.

Na ndivyo ilivyotokea. Tazama filamu nyingi za Kibongo za miaka ile ya mwanzo. Kinanda cha huzuni kinaanza dakika ya kwanza na hakinyamazi. Mtu analia, kinapigwa. Mtu anakula wali, kinapigwa. Mazungumzo yanamezwa, na mahali ambapo kimya kingemuumiza mtazamaji, kimya hakipo. Lawama hatuwatupii waliozitengeneza. Walijifunza wenyewe, kwa fedha zao, bila shule yoyote kuwapa somo hili. Na si kwamba walikosa fikra: mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, iliyojitangaza waziwazi kuwa ni filamu ya maisha na muziki, ikawaweka wanamuziki wa bongo fleva mbele ya kamera. Njia ilifunguliwa. Shule hazikuifuata.

Kisingizio cha pili ni mwalimu. Eti hakuna aliyesomea muziki. Katika Milima ya Upare! Kila usharika, kila parokia na kila kanisa la Wasabato kuanzia Suji mpaka Gonja lina kwaya, na kila kwaya ina mwalimu anayeandika sol-fa ubaoni na kugawa sauti nne bila kinanda. Kwaya hizo hizo zinarekodi video, zinashona sare, zinatafuta maporomoko ya maji na bustani za kusimama, zinabishana na mpiga picha kuhusu wapi pakatwe. Waliofanya hivyo wanajua kuunganisha muziki na picha, ila hakuna aliyewaambia kwamba wanachokijua ni elimu. Mwalimu wa Kiswahili amwalike mwalimu wa kwaya mchana mmoja. Alete video ya kwaya yake, aeleze kwa nini ubeti wa pili waliupiga mlimani na wa tatu kanisani. Soda na nauli vitatosha.

Kisingizio cha tatu ni kwamba somo hili halimo kwenye mtaala. Hiki kimechelewa. Mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, na sanaa imo. Mwaka huo huo serikali ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, na kundi zima kati yake ni la sanaa. Muziki na sanaa za maonesho si masomo ya kubuniwa leo, Baraza la Mitihani limekuwa likiyatahini muda mrefu. Kwenye karatasi mlango umekwisha kufunguliwa, na wilayani kinachosubiriwa ni mkuu wa shule mmoja wa kuliingiza somo hili kwenye ratiba. Hata pasipo tahasusi hizo, mwalimu wa Kiswahili hakatazwi na yeyote kuonesha kipande cha filamu ya kitabu kinachosomwa. Kijana wa Hedaru anayetaka kwenda chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, anastahili kufika akiwa na msingi kama wenzake, si kuanzia sifuri.

Wapo wazazi wanaosema filamu zinaharibu watoto. Tunawaheshimu, na tunawajibu kwa upole kwamba watoto wanatazama tayari, kwenye simu za kaka zao wakiwa likizo, bila mtu mzima wa kuwaeleza chochote. Vuta N'kuvute yenyewe ina mapenzi, ina jela na ina siasa, na inasomwa mchana kweupe kwa sababu mwalimu yupo. Kwenye filamu pia mwalimu awepo. Achague vipande, avitazame mwenyewe kwanza, aoneshe vinavyofaa. Zaidi ya hapo, mtoto aliyefundishwa jinsi muziki unavyomvuta alie, aogope au ampende mtu mbaya ni mgumu kudanganywa, iwe na filamu, tangazo la biashara au video ya kampeni. Mzazi anayehofia filamu angekuwa wa kwanza kulidai somo hili.

Kidato cha tano kinaanza Julai. Kuna muda wa kutosha kwa mwalimu wa taaluma kuketi na mwalimu wa Kiswahili, wakatafuta vipindi viwili, hata vya Ijumaa mchana ambavyo kila mtu anajua vinavyopotea. Ofisi ya elimu sekondari wilayani iwaandikie Kijiweni Productions, kampuni ya Shivji, barua ya ukurasa mmoja kuomba ruhusa ya kuionesha filamu hii kwenye shule zetu zenye kidato cha tano na sita. Barua moja kwa shule zote, ili asitokee mkuu wa shule wa kusema hakujua aanzie wapi.