Ramu ya Kompyuta: Nunua Inayolingana, Usinunue Kubwa Tu



Siku hizi kompyuta ya mezani si kitu cha mjini peke yake. Twaiona katika ofisi za parokia, katika shule za sekondari, na katika vibanda vya kupiga chapa pale penye soko. Nyingi zimetufikia zikiwa zimekwisha kutumika miaka kadhaa katika nchi za mbali. Mwenye nayo huifurahia mwaka wa kwanza, kisha huanza kunung'unika kwamba inakwenda kama kinyonga. Ndipo jirani humwambia, "Ongeza ramu." Naye hufunga fedha za kahawa katika kitambaa, hupanda basi, hufika mjini, hununua ile kubwa kuliko zote alizoonyeshwa. Akirudi nyumbani, haiingii. Nauli imekwisha, fedha imekwisha, na risiti imeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi.

Fedha hiyo ilikuwa ada ya mtoto, au mbolea ya shamba. Kwa hiyo yafaa tujifunze leo jinsi ya kununua kitu hiki kwa akili. Neno langu ni moja: ramu hainunuliwi kwa ukubwa, hununuliwa kwa kulingana. Viatu twavinunua kwa kuutazama mguu kwanza, hata kama vile vikubwa vinauzwa bei moja na vidogo.

RAMU NI KITU GANI?

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo yake. Pa kwanza ni diski, nayo ni kama ghala. Barua, picha na nyimbo hukaa humo hata umeme ukizimwa. Pa pili ni kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, nayo ni kama meza. Kitu unachokiandika sasa hivi kimo mezani. Meza ikiwa ndogo, mfanyakazi hana budi kwenda ghalani na kurudi kila dakika, kuweka hiki na kuchukua kile. Huko kwenda na kurudi ndiko kunakoichelewesha kompyuta.

Namna ya ramu tunayotumia hata leo ilibuniwa mwaka 1966 na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM huko Marekani. Kila kipande kidogo cha habari hushikwa na umeme kidogo sana, mfano wa maji katika chungu kinachovuja. Kwa kuwa chavuja, kompyuta hukijaza upya mara 16 hivi kwa kila sekunde. Umeme ukikatika hakuna wa kukijaza, na yote yaliyokuwamo yapotea. Ndiyo sababu barua usiyoihifadhi hutoweka umeme ukizimika.

Basi shikeni neno hili: kuongeza ramu hakuongezi nafasi ya kuweka picha na nyimbo. Hukuza meza, hakukuzi ghala.

JE, UGONJWA NI HUO KWELI?

Mganga mwema hupima kabla ya kutoa dawa. Fungua kazi zako zote za kila siku, kama unavyofanya siku yenye wateja wengi. Kisha bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Katika dirisha litakalofunguka chagua neno "Performance", halafu "Memory". Hapo utaona kwa asilimia jinsi meza ilivyojaa. Ikiwa imepita 85, meza ni ndogo, na ramu itakusaidia. Ikiwa ni nusu tu, au chini yake, usipeleke fedha yako huko, kwani ugonjwa uko penginepo. Mara nyingi ni diski ya zamani inayozunguka, na kuibadilisha kwa diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, kutaiponya kompyuta kuliko ramu yo yote.

MAMBO MANNE YA KUJUA KABLA YA SAFARI

La kwanza ni aina. Ramu za kompyuta zetu zina vizazi, navyo havioani. DDR3 iliwekewa kanuni zake mwaka 2007, DDR4 mwaka 2012, na DDR5 mwaka 2020. Kibao cha DDR3 kina meno 240 yenye rangi ya dhahabu. Cha DDR4 na cha DDR5 vina meno 288 kila kimoja. Hata hivyo hivi viwili vya mwisho haviingiliani, kwa maana pengo dogo lililo kati ya meno limewekwa mahali mbalimbali. Hata umeme wao si mmoja: DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 volti 1.1. Pengo lile liliwekwa makusudi ili mtu asikosee. Kwa hiyo kibao kikikataa kuingia, usikilazimishe, utavunja ubao mkuu wenyewe.

Aina utaisoma katika karatasi iliyobandikwa juu ya kibao. Ukiona PC3, hiyo ni DDR3. Ukiona PC4, ni DDR4. Maandishi "PC3-12800" maana yake ni DDR3 ya mwendo wa 1600. Usitegemee jina la kompyuta peke yake. Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010. Kampuni ilitoa kompyuta ya jina hilo mwaka 2012, nayo hutumia DDR3. Mwaka 2023 ikatoa nyingine za jina lile lile, nazo hutumia DDR4 au DDR5. Mtu akifika dukani akasema jina tu, aweza kupewa kisichomfaa, na muuzaji asiwe na hila yo yote.

La pili ni umbo. Kibao cha kompyuta ya mezani kina urefu wa sentimeta 13 hivi. Cha kompyuta ya kubebwa ni kama nusu yake, sentimeta 7 hivi. Lakini angalieni: baadhi ya kompyuta za mezani zilizo ndogo sana hutumia vile vifupi. Pimeni kwa rula ya mwanafunzi.

La tatu ni nafasi na kikomo. Kompyuta nyingine zina nafasi mbili za kuchomeka vibao, nyingine nne. Lile dirisha la "Memory" katika Windows 10 na 11 huonyesha ni nafasi ngapi zimekwisha kutumika. Tena kila ubao mkuu una kikomo chake. Ukizidisha, hautaiona ziada, au kompyuta itakataa kuwaka. Kikomo hicho kimeandikwa katika kitabu cha kompyuta, ambacho huweza kupatikana bure kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Kadhalika Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiweka 16. Mwenye Windows hiyo hupoteza fedha asipoibadilisha kwanza iwe ya biti 64.

La nne ni kuepuka ramu za seva, yaani zile kompyuta kubwa za makampuni na mabenki. Zikitolewa kazini huuzwa kwa bei ya chini, nazo zafanana sana na zetu kwa macho. Katika DDR3, karatasi yake mara nyingi huandikwa PC3-12800R, na yetu ya kawaida PC3-12800U. Herufi ile moja yatosha kukupotezea fedha yote, kwani yenye R haifanyi kazi katika kompyuta ya kawaida ya mezani. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

KIASI GANI CHATOSHA?

Hapa ndipo majivuno yanapowaponza wengi. Kwa kuandika barua na hesabu za kigango, moja moja, gigabaiti 4 huweza kusukuma siku, ingawa kwa shida. Kwa ofisi, shule, au kibanda cha kupiga chapa chenye intaneti, gigabaiti 8 zatosha vema. Gigabaiti 16 ni za mtu mwenye kutengeneza picha nyingi au sinema za arusi. Kununua 32 kwa ajili ya kuandika barua ni sawa na kukodi lori kubeba debe moja la mahindi.

Ikiwa unacho kibao kimoja cha gigabaiti 4 na nafasi moja i wazi, njia ya gharama ndogo ni kuongeza pacha wake: aina ile ile, ukubwa ule ule, mwendo ule ule. Vibao viwili vilivyo sawa, vikiwekwa katika nafasi zao za jozi, hufanya kazi pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja, na kazi huenda upesi zaidi. Ukichanganya chenye mwendo wa 1600 na chenye 1333, vyote viwili vitakwenda kwa 1333. Hakuna hasara kubwa, ila usilipe bei ya mwendo ambao hutaupata.

Tena fikirini umri wa mashine. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za miaka ya 2012 hazikubaliwi na Windows 11. Ramu mpya haibadilishi jambo hilo. Kwa mashine kuukuu, ongezeni kiasi cha kuitumia miaka michache, msimwage humo akiba ya nyumba nzima.

DUKANI

Zima kompyuta, toa kibao cha zamani, kifunge katika bahasha ya karatasi, uende nacho. Usikitie katika mfuko wa nailoni, kwani nailoni hukusanya umeme tuli unaoweza kukiua. Mwambie muuzaji, "Nataka ndugu wa huyu." Soma karatasi ya kile anachokupa, neno kwa neno. Ikiwezekana, omba kijaribiwe mbele yako kabla hujalipa, na siku ngapi waweza kukirudisha ziandikwe katika risiti. Mwaka 2025 bei za ramu zilipanda sana duniani, kwani viwanda vikubwa vya Samsung, SK hynix na Micron vilielekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwa majumba makubwa ya kompyuta za akili mnemba. Bei ikipanda, udanganyifu nao hupanda.

Nina neno pia kwa mafundi, maana najua baadhi yao husoma ukurasa huu. Wako wanaopokea kompyuta yenye vibao viwili, wakairudisha na kimoja. Mwenyewe hajui, yeye huona tu kwamba imezidi kuwa nzito. Huo ni wizi kamili, na Amri ya Saba haibagui kati ya mbuzi na kibao cha ramu. Atakayetubu hana budi kurudisha alichochukua. Nanyi wenye kompyuta, msiwape nafasi ya kishawishi: hesabuni vibao mbele ya fundi, mkaandike katika karatasi ya kupokelea kazi.

KUCHOMEKA

Kazi hii kijana mwenye utulivu aweza kuifanya nyumbani. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa kasha. Gusa chuma tupu cha kasha ili umeme tuli wa mwili wako uondoke, na usifanye kazi hii juu ya zulia. Shika kibao kwa kingo zake, usiguse meno. Fungua vibanio vya nafasi, linganisha pengo la kibao na ukuta mdogo ulio ndani ya nafasi, kisha sukuma chini pande zote mbili sawasawa mpaka vibanio vilie "ta!"

Ukiwasha ikalia milio bila kuonyesha kitu, usihuzunike. Kwa kawaida kibao hakikuingia sawasawa. Zima, chomoa waya tena, ukitoe na kukirudisha. Ikiwaka, tazama dirisha la "Memory" kama hesabu imeongezeka. Halafu iandike "mdsched" katika mahali pa kutafutia pa Windows, uiruhusu kompyuta ijipime yenyewe. Ikionyesha kosa, kirudishe kibao dukani siku zile ulizopewa zisipite.

Mwisho, baba na mama, kabla fedha haijatoka ndani ya nyumba, kaeni pamoja na yule mtoto anayeitumia kompyuta hiyo. Yeye asome karatasi ya kibao, mama aandike katika daftari la nyumbani aina, umbo, mwendo na idadi ya nafasi, na baba aende mjini na daftari hilo mkononi. Mwenye daftari hilo hadanganywi kwa urahisi, na akirudi atakuwa na kitu kinachoingia mahali pake.