Karani Aliyepotewa na Macho
Twapenda wanachama wafikiri juu ya jambo moja. Karani akipotewa na macho kabla ya wakati wa kustaafu, twamfanyia nini? Mara nyingi twachanga fedha, twamsindikiza kwao, na kiti chake apewa mwingine. Huruma hiyo ni njema, lakini haitoshi. Maana kilichopotea ni macho, wala si akili, wala si ujuzi wa miaka mingi.

Mtu huyo aweza kufundishwa upya: kutembea kwa fimbo nyeupe, na kusoma kwa vidole maandishi ya nukta sita aliyoyatoa Louis Braille mwaka 1829. Kupiga taipu je? Mpiga taipu hodari hatazami vidole vyake. Na siku hizi ziko kompyuta zisomazo barua kwa sauti.

Sheria nayo ipo. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamwagiza mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Lakini sheria haifungui mlango ikiwa sisi tulio ndani tumeuegemea.

Kwa hiyo twashauri chama kiwaombe wakubwa wampe mwanachama wa namna hii nafasi ya kujifunza, kisha arudi mahali pake. Nasi wenzake tusiache droo wazi njiani mwake, wala tusihamishe majalada pasipo kumwambia. Hiyo si sadaka. Ni haki ya mtumishi. Leo ni yeye, kesho huenda ikawa mmoja wetu.