Muhula wa Dawa Usipotee Bure

Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ikajitolea kuyauzia mashirika ya hisani dawa hizo kwa dola 350.

Nafuu hiyo haikushuka kama mvua. Sheria ya India ya mwaka 1970 ilikataa mtu kuhodhi dawa yenyewe. Hataza ilitolewa kwa njia ya kuitengeneza tu. Viwanda vyake vikabuni njia nyingine, vikakomaa. Mkataba wa hakimiliki wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza mwaka 1995, ukaufunga mlango huo, na mwaka 2005 India nayo ikalazimika kuibadili sheria yake.

Nchi maskini kabisa, Tanzania ikiwamo, zimepewa muhula: hazilazimiki kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033, maadamu zimo katika kundi hilo.

Tunasema bila kificho: mgonjwa hamezi mkataba. Muhula huu utapita bure iwapo hatutazipitia sheria zetu wenyewe, hatutanunua dawa za viwanda vyetu, wala hatutasomesha wafamasia na wakemia wa kutosha.

Wahenga walinena: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili, kufa huko si methali.