Milima Yetu Iko Ndani ya Kioo, Sisi Tuko Nje

Juzi dada mmoja wa shirika alinionyesha picha kwenye simu. "Mzee, angalia kwenu kulivyo kuzuri!" Nikaangalia. Kweli, ni kwetu: volkano za Virunga kwa nyuma, majani mabichi, gorila dume anajipiga kifua. Kumbe ni kioo cha maonyesho ndani ya makumbusho, New York.

Mi nimezaliwa Kibumba, chini ya Mikeno. Nilikasirika. Kila jani limewekwa mahali pake, ila mtu hakuna. Hata moshi wa jiko hakuna.

Gorila wale waliuawa mwaka 1921 na msafara wa Carl Akeley. Ngozi zikapelekwa Marekani, zikavishwa sanamu. Sasa tuulizane: zilishukaje mlimani? Akeley alizibeba kichwani? Walibeba wapagazi. Msafara ule ulikuwa hata na mtoto mzungu wa miaka sita, Alice Bradley, na jina lake linajulikana hadi leo. Ukumbi wenyewe, uliofunguliwa 1936, unaitwa kwa jina la Akeley. Na mpagazi je?

Mtu ataniambia, "Yale ni maonyesho ya wanyama, mzee, si ya watu." Hapo ndipo uongo ulipo! Ukionyesha mlima bila watu, unamfundisha anayetazama kwamba mlima ule hauna wenyewe. Akeley baada ya kuua aliomba gorila walindwe, na 1925 Wabelgiji wakatangaza Hifadhi ya Albert, leo Virunga. Kulinda ni vizuri, sikatai. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa kwa kazi hiyo, nao ni watoto wetu. Lakini hifadhi ilipopanuliwa, wenyeji walitolewa kwenye ardhi yao. Mlima usio na watu haukukutwa, ulitengenezwa.

Akeley alifia Mikeno mwaka 1926, akazikwa huko huko. Baba yangu naye amezikwa chini ya mlima uleule, na mi tangu 2022, tulipokimbia risasi, sijaweza kwenda kupalilia kaburi lake.

Nanyi wa mashirika, msicheke. Picha zenu za hapa Nakivale ni ndugu wa kile kioo: turubai, jerikani, mtoto anayetazama kamera, na chini yake neno moja tu, "wakimbizi". Kule watu wameondolewa. Huku watu wamebaki, majina ndiyo yameondolewa.

Sisemi kioo kivunjwe. Naomba mambo mawili tu. Pale New York, paandikwe waziwazi kwamba milima hii ina watu, na kwamba wao ndio waliobeba mizigo ya msafara. Na hapa kambini, kabla hujapiga picha, uliza jina, uliandike.

Wajukuu wangu wanakulia hapa. Labda siku moja mmoja wao atasimama mbele ya kioo kile na kusema, "Pale chini babu yangu alilima viazi na maharagi." Sitaki mtu amjibu, "Pale? Pale hakukuwa na mtu."