Cheti cha Daktari na Ajira ya Mgonjwa wa Figo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa nchini Tanzania siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Aliyevunjika mguu zinamtosha. Kwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, hesabu ni nyingine kabisa. Endapo kila siku ya tiba itahesabiwa kuwa siku ya ugonjwa, mshahara kamili utakoma baada ya wiki 21, na likizo yote itakwisha katika wiki ya 42. Mwaka haujatimia, na tiba haina mwisho.

Kwa maoni yangu, sheria ingefaa ihesabu saa badala ya siku. Kabla haijabadilishwa, lipo lililo mikononi mwetu madaktari. Kusafisha damu huchukua takribani saa nne. Wapo wanaotoka hoi, lakini wapo pia wanaomaliza asubuhi na kurejea ofisini alasiri. Hata hivyo vyeti vyetu husema tu “apumzike” au “apewe kazi nyepesi”, maneno ambayo afisa utumishi hawezi kuyapangia zamu. Tuandike uwezo: siku na saa za tiba, kazi anazozimudu, asizozimudu, na tarehe ya kumpima upya. Jina la ugonjwa lisitajwe pasipo ridhaa yake. Mwajiri hana haja ya kujua kiwango cha kreatinini ya mtu.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ugonjwa, azingatie ukubwa wa tatizo, iwapo ni la muda au la kudumu, na iwapo kazi yaweza kurekebishwa. Asipopewa maelezo hayo, atatazama daftari la mahudhurio tu.

Nanyi wagonjwa, msitie saini barua ya kujiuzulu mliyoandikiwa na mwajiri, hata mkiambiwa ni kwa kulinda heshima yenu. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo huhesabika hata akiwa amelazwa wodini.