Baba Hakumpiga Mwana

Ikifika Ijumaa Kuu, mahubiri ni yale yale: Baba alikasirika, akataka damu, Mwana akajitokeza kupokea kipigo chetu, hasira ikapoa. Waumini wanaitikia amina. Mimi siitikii.

Fungua Mambo ya Walawi sura ya 16. Siku ya Upatanisho waliletwa mbuzi wawili. Yule aliyewekewa mikono na kuungamiwa dhambi za Israeli hakuchinjwa. Aliachwa hai, akapelekwa jangwani akiwa amezibeba. Wa pili ndiye aliyechinjwa, na damu yake ikatakasa patakatifu. Hakuna mbuzi aliyeadhibiwa hapo. Wahubiri wamewachanganya wawili hao wakapata mnyama wa tatu, ambaye Musa hakumjua, anayechapwa kwa makosa ya wengine. Na Paulo, katika 2 Wakorintho 5, anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Aliyehitaji kurudishwa ni ulimwengu. Mungu hakuwa amekwenda popote.

Picha ya msalaba kama mahakama ilikolea baadaye sana. Anselm wa Canterbury, mwishoni mwa karne ya 11, alizungumzia heshima ya Mungu na fidia yake; kwake fidia ilikuwa njia ya kuepuka adhabu. Waliotilia mkazo hukumu na adhabu ni wanamatengenezo wa karne ya 16, akiwemo Calvin, msomi wa sheria. Kanuni ya imani ya Nikea inakiri tu kwamba Kristo alisulubiwa kwa ajili yetu, basi.

Nitajibiwa kwa Isaya 53. Sawa, sura hiyo ni nzito, na inasema waziwazi kuwa adhabu ilikuwa juu yake. Sikatai kwamba Kristo alisimama mahali petu. Nakataa kumtenga Baba na Mwana, mmoja awe mpigaji na mwingine mpigwa. Calvin huyohuyo aliandika kwamba Mungu hakuwahi kumkasirikia Mwanawe. John Stott, mtetezi mkubwa wa fundisho kwamba Kristo alisimama mahali petu, alionya mwaka 1986 tusiseme Mungu alimwadhibu Yesu. Aliyebeba gharama ni Mungu mwenyewe. Ukimwondoa msalabani, unabaki na dhuluma: asiye na hatia anapigwa, mkosaji anaachiwa, halafu tunaambiwa hiyo ndiyo haki.

Wachungaji, acheni kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwamba Baba wa mbinguni alilazimika kwanza kumpiga mtu ndipo aweze kuwapenda.